Nukta Niliyoikata kwa Rula

Miaka ile niliziangalia nyota saa nne asubuhi, jua likiwa kali, nikiwa nimeketi kwenye meza ya mbao nyumbani kwa mjomba wangu, mwendo mfupi kutoka sokoni Khayega. Hatukuinua macho kutazama juu. Nyota zilikuwa kwenye karatasi, nyeusi juu ya weupe kama mbegu za mchicha zilizomwagika kwenye shuka, na zilikuwa zimekuja kwa posta.

Nieleze zilivyofika. Nilipokuwa chuo kikuu Nairobi nilifundishwa fizikia na mhadhiri mmoja mwanamke kutoka Ulaya, mtu mkimya aliyevaa raba hata siku za mahafali. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, nami nikaajiriwa kufundisha katika shule ya wasichana karibu na mji wa Kakamega. Tuliendelea kuandikiana, barua mbili tatu kwa mwaka. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, akaniandikia barua ndefu kuliko zote.

Kulikuwa na darubini, alisema, inayoizunguka dunia huko juu ya mawingu na hewa yote. Darubini hiyo ilikuwa imepiga picha za kishada kimoja cha nyota mara nyingi, kwa muda wa miezi kadhaa. Wataalamu walioagiza picha hizo walipewa mwaka mmoja wa kuzitumia peke yao. Mwaka ukiisha, mtu yeyote aliyeziomba angepewa. Yeye aliziomba. Alitaka kujua ni nyota zipi kishadani zinazobadilika mwanga, leo hafifu, mwezi ujao kali. Kompyuta yake iliifanya kazi hiyo vizuri pembeni mwa kishada, lakini katikati, ambako nyota zimesongamana kama watu siku ya soko, ilichanganyikiwa. Alihitaji macho ya binadamu. "Wanafunzi wangu wa huku hawana subira," aliandika. "Wewe nakumbuka ulikuwa nayo."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na tamaa, na kwa mbali vitu hivyo viwili hufanana. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nikifundisha vidato vinne katika maabara yenye mizani moja inayofanya kazi, na nilitaka kurudi chuoni kusomea shahada ya pili. Barua ile niliiona kama mlango. Nikajibu siku hiyo hiyo kwamba niko tayari.

Bahasha ngumu ikaja katika sanduku la posta la shule. Ndani mlikuwa na karatasi kubwa za picha, mbili mbili, kila jozi na tarehe yake. Mhadhiri wangu alinieleza kwa nini zilikuwa mbili. Huko angani kuna miale inayopita kila wakati, na ikigonga kifaa cha darubini huacha nukta inayofanana kabisa na nyota. Kwa hiyo darubini ilipiga picha mbili mfululizo. Nukta iliyo kwenye picha moja tu ni uchafu wa miale. Iliyo kwenye zote mbili ni nyota. Ni jambo rahisi. Ningeweza kulifundisha kidato cha kwanza.

Nilijitahidi wiki mbili na lenzi ya mkononi iliyotoka maabara. Kichwa kiliniuma, nukta zikaanza kutembea. Siku moja ya Jumamosi nilikwenda kumsalimia mjomba, ndugu mdogo wa mama yangu, na kwa kuwa sikutaka kupoteza siku nzima nikazibeba zile karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

Mjomba alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya ardhi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mchoraji ramani, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinganisha picha za mashamba zilizopigwa kutoka kwenye ndege: ua limesogezwa, mto umehama, mtu ameongeza mistari mitatu ya miwa kwenye shamba la jirani. Alikuwa mtu wa nidhamu ya kuchosha. Alivaa tai akiwa nyumbani. Ukiacha kikombe ukingoni mwa meza alikisogeza bila kusema. Watu wa pale hawakumpenda sana, kwa sababu katika kesi nyingi za mipaka ndiye aliyesimama mbele ya chifu na kusema nani alikuwa mwongo.

Alipoziona zile karatasi hakuuliza ni nini. Aliingia chumbani akarudi na sanduku la mbao, akalifungua, akatoa chombo chenye vioo na lenzi mbili juu ya miguu minne ya chuma. Ofisi yao ilipouza vitu vikuukuu yeye alikuwa amekinunua.

"Weka hii kushoto," alisema. "Ile kulia. Sasa inama uangalie."

Niliinama. Zile picha mbili za tarehe mbili tofauti ziliungana zikawa moja. Nyota zote zilitulia, isipokuwa moja, upande wa chini, iliyokuwa ikitetemeka kama inayotaka kuruka kutoka kwenye karatasi.

"Inacheza," nilisema.

"Haichezi. Macho yako ndiyo hayakubaliani. Hapa iko kubwa, pale iko ndogo. Hivyo ndivyo tulikuwa tunawapatanga wezi wa mashamba."

Kwa saa moja alizipata nyota nne zinazobadilika, zote zikiwa tayari kwenye orodha ambayo mhadhiri alinitumia ili nijipime. Mimi kwa wiki mbili nilikuwa nimepata moja.

Basi tukaanza. Kila Jumamosi, na karibu kila siku wakati wa likizo, nilipanda baiskeli ya kukodi hadi kwake. Tulifanya kazi kando ya dirisha la mashariki kuanzia saa tatu, kwa kuwa nyumba haikuwa na umeme na mchana ulipogeuka mvua ilikuja na giza lake. Yeye aliangalia na kupima. Mimi niliandika kwenye jedwali. Alikuwa pia na daftari lake mwenyewe, ambamo aliandika kwa herufi zile za wachoraji ramani, zilizosimama wima kama askari: karatasi namba fulani, milimita ngapi kutoka kushoto, milimita ngapi kutoka chini, aina ya nukta, tarehe. Mkewe, niliyemwita anti, alituletea uji na kutuuliza kama leo tumeona malaika.

Siku hizo zilikuwa za furaha, nami lazima niseme hivyo kabla sijasema mengine. Lakini hata ndani ya furaha ile kulikuwa na jambo ambalo nililijua ni baya na nikalifanya. Barua zangu kwa mhadhiri zilisema "nimepima," "nimelinganisha," "nimeona." Mara moja tu niliandika kwamba nina msaidizi. Sikusema msaidizi huyo ni nani wala anafanya nini. Mjomba aliishia kidato cha pili. Nilijiambia kwamba nikimtaja, kazi yetu itaonekana ya kubahatisha. Mhadhiri alinijibu akisifu macho yangu makini, nami nilimsomea mjomba sehemu nyingine za barua nikairuka hiyo.

Kisha nikateleza. Wakati wa mtihani wa katikati ya muhula nilikuwa nimebaki na karatasi chache shuleni, nikaona nukta kali mahali pasipo na nyota. Nilirukwa na akili. Bila kuitazama picha yake ya pili, nilimwandikia mhadhiri kwamba nimepata nyota mpya. Jibu lake lilikuwa la mistari mitatu: ni alama ya mwale tu, haipo kwenye picha ya pili, tafadhali niangalie jozi nzima kabla ya kumwandikia. Hakuna tusi ndani ya mistari ile. Lakini niliisoma nikiwa nimesimama posta mjini, na masikio yaliniwaka moto kana kwamba foleni nzima ilikuwa ikisoma nami. Nilijiapiza kwamba sitaaibika tena mbele ya mwanamke yule. Mjomba sikumwambia.

Miezi miwili baadaye mjomba alikuja shuleni. Ilikuwa Jumatano, saa sita hivi. Nilikuwa ofisi ya walimu na rundo la mitihani ya kidato cha nne mbele yangu, na mwalimu mkuu alikuwa amenipa hadi saa nane. Askari wa lango alikuja kuniambia kuna mzee ananitafuta. Nikamkuta chini ya paa la korido, tai shingoni, baiskeli imeegemezwa ukutani, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa ameendesha kutoka Khayega kwenye jua lile na karatasi mbili zimefungwa ndani ya kitambaa cha meza cha anti.

"Mwalimu," alisema. Alipokuwa na furaha aliniita mwalimu badala ya mtoto. "Kuna moja imezaliwa."

Alizitandaza juu ya benchi. Karibu kabisa na katikati ya kishada, penye msongamano, alikuwa amezungushia nukta kwa penseli nyepesi. "Tarehe hii iko. Kabla yake haiko. Baada yake haiko. Nimeangalia jozi zote kumi na mbili."

"Ni uchafu, mjomba. Ile miale niliyokueleza."

"Iko kwa zote mbili."

Niliinama. Kwenye karatasi ya kwanza ilikuwa wazi. Kwenye ya pili, upande ule ulikuwa umechapwa hafifu, wino umepauka, na niliona kitu kama kivuli cha nukta, au nilidhani ni mkunjo. Kuamua kungehitaji kukaa, kuziweka chini ya chombo chake, kupima. Labda nusu saa. Wasichana walikuwa wakitoka darasani, wengine wakimwangalia mjomba na tai yake wakicheka chinichini. Na mimi niliona mistari ile mitatu ya barua.

"Hii ya pili ni karatasi tu imechapwa vibaya," nilisema.

"Nimeipima. Milimita ni zile zile. Uchafu haurudingi mahali pamoja mara mbili."

"Sawa, mjomba."

"Utamwandikia?"

"Nitamwandikia."

"Leo?"

"Wiki hii."

Aliniangalia kidogo, akaridhika, akazikunja karatasi zake vizuri. Alinikabidhi nakala ya vipimo, imeandikwa kwa wino, safi, hakuna kosa hata moja. Nilimtazama akiondoka akiisukuma baiskeli hadi langoni, kwani hakuwahi kupanda baiskeli ndani ya uwanja wa watu.

Siku ya Ijumaa nilikaa kuandaa jedwali la kutuma. Nilifika kwenye mstari wa nukta ile. Kama ningekuwa na mashaka ya kweli ningeandika "haina uhakika," na hilo lingetosha. Mhadhiri angeiangalia mwenyewe kwenye kompyuta yake kwa dakika moja. Lakini sikutaka hata aniulize. Nilichukua rula, nikapiga mstari juu ya vipimo vya mjomba, na pembeni nikaandika: uchafu, imeondolewa. Kisha nikaenda kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata aliniuliza kabla sijakaa. "Umetuma?"

"Nimetuma."

Huo ndio uongo wenyewe. Ni neno moja, na nililisema huku nikivua sweta. Ningeweza kumwambia, "Mjomba, sikukubaliana nawe." Angekasirika, tungebishana, angenilazimisha kuinama juu ya lenzi hadi nikubali au nimshinde. Nilisema nimetuma kwa sababu lilikuwa jibu jepesi zaidi asubuhi ile, na baada ya hapo kila jibu lilizidi kuwa zito.

"Wamejibu?" aliniuliza wiki baada ya wiki.

"Posta inachelewa."

"Wamejibu?"

"Amesafiri."

"Wamejibu?"

"Wanasema bado wanaichunguza."

Hilo la mwisho lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa maana lilimpa matumaini. Mjomba alijua maana ya kuchunguza. Katika maisha yake, jambo lililochunguzwa na ofisi lilikuwa jambo la kweli linalosubiri muhuri. Akaanza kuwaambia watu. Aliwaambia wazee wa kanisa baada ya ibada, akamwambia mwenye duka la mbolea, akawaambia hata watu aliowahi kuwashinda katika kesi za mipaka, ambao walifurahi sana kupata kitu cha kumchekea. Wakampachika jina la Bwana Nyota. "Mzee, ile nyota yako imeota majani?" walimwuliza njiani. Yeye aliwajibu kwa upole kabisa kwamba mambo ya kisayansi hayana haraka.

Desemba alinialika chakula. Nilidhani ni kawaida ya sikukuu. Nilipofika nikamkuta mama yangu, ambaye ni nadra kutoka kwake, amevaa leso mpya, na wazee wawili wa kanisa. Anti alikuwa amepika obusuma, ugali wetu, kunde na ingokho, kuku wa kienyeji, na nyumba nzima ilinukia. Mjomba aliomba dua ndefu. Kisha anti akaleta sahani ya kuku na kuiweka mbele yake, na sote tukasubiri achukue imondo, yaani firigisi, kwa sababu kwetu kipande hicho ni cha mwenye nyumba. Zamani mwanamke kama mimi hakula kuku kabisa, sembuse kipande hicho. Mama yangu aliolewa akiwa hajawahi kukionja.

Mjomba alikichukua kwa vidole, akanyoosha mkono, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Leo ni ya mwalimu," alisema. "Yeye ndiye alibeba neno langu mpaka ng'ambo."

Wazee waliguna kwa mshangao. Mama yangu aliinamisha uso, nami najua alikuwa akilia, kwa furaha. Kila mtu alinitazama nile. Nikala. Nilitafuna kipande kile kigumu kwa muda mrefu, na sidhani kuna chakula nilichowahi kukihisi kikishuka hivyo, hatua kwa hatua, hadi tumboni. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nilisema, "Asante, mjomba," na wakapiga makofi.

Baada ya Pasaka bahasha nyingine ilifika. Ndani, juu ya picha mpya, mhadhiri alikuwa ameweka nakala ya makala fupi kutoka jarida la wanaastronomia. Watafiti wa nchi nyingine walikuwa wamezipitia picha zile zile, kwa kuwa zilikuwa wazi kwa wote, na katikati ya kishada wakapata nyota iliyolipuka kwa mwanga siku chache kisha ikafifia. Kulikuwa na picha, na mshale mdogo mweupe. Mhadhiri aliandika: "Iko kwenye karatasi zetu. Nimeangalia jedwali lako nikaona uliiona ukaiondoa kama uchafu. Usijilaumu, hata kompyuta yangu iliifuta. Lakini ni huzuni kidogo, sivyo? Tungekuwa mbele yao kwa nusu mwaka."

Usijilaumu. Niliufunga mlango wa maabara nikakaa kati ya madawati. Nilichosikia kwanza hakikuwa huruma kwa mjomba. Nasema ukweli. Nilichosikia kwanza ni wivu kwa wale watafiti, na hasira kwamba nusu saa ya benchini ingeniweka mimi kwenye ukurasa ule. Jina langu. Ilinichukua hadi jioni kukumbuka kwamba jina halikuwa langu hata kidogo, na nilipokumbuka nilijiona jinsi mtu anavyojiona ghafla kwenye kioo cha duka akiwa hajajiandaa.

Nilikaa na makala ile wiki tatu. Jumamosi mbili nilituma ujumbe kwamba naumwa. Ya tatu nikaenda.

Mjomba alikuwa amekwisha kukitoa chombo na alikuwa akifuta lenzi kwa kipande cha flana. Anti alikuwa mlangoni akichambua mboga. Sikukaa. Nilimwekea makala mezani.

"Mjomba, nyota yako ni ya kweli."

Akainua uso. "Wamejibu?"

"Hapana. Wengine wameipata. Hawa." Nilionyesha. "Mimi sikutuma. Niliikata. Niliandika ni uchafu."

Sijui kama alinisikia mara ya kwanza. Alivuta makala, akaweka miwani, akaitazama picha yenye mshale kwa muda mrefu. Kisha akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akachukua rula, akaanza kupima nyota za jirani na kulinganisha na hesabu zake. Alifanya hivyo polepole, kwa umakini ule ule wa siku zote, na midomo yake ikitamka namba. Alipomaliza alivua miwani.

"Ilikuwa pale," alisema. Uso wake ulikuwa na furaha tupu. "Mama, ilikuwa pale!" alimwambia mkewe. "Si nilisema?"

Anti alikuwa amenisikia tangu mwanzo. Aliniangalia, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mboga.

Ndipo mjomba akageuka kwangu. "Hukutuma."

"Sikutuma."

"Na nilipokuwa nakuuliza?"

"Nilidanganya."

"Kila wiki."

"Kila wiki, mjomba."

Nilingoja apige meza. Nilitaka apige meza. Badala yake alizungumza kwa sauti ya ofisini, sauti ambayo nadhani aliitumia mbele ya chifu.

"Kutoniamini si kosa. Mimi mwenyewe sikuwa naaminingi mtu. Ungeniambia, mjomba sikuamini, ningekuita hapa tuangalie pamoja. Hata ungenishinda. Lakini ulikula imondo."

Nilitazama makala pale mezani.

"Ulikula mbele ya dada yangu."

"Nisamehe, mjomba."

"Watu wananichekanga njiani, mimi nawajibu. Nawajibu kwa mdomo wako."

Alisimama, akaanza kukusanya karatasi zote za picha, jozi kwa jozi, akazipanga kwa tarehe, akazirudisha ndani ya bahasha zao ngumu na kuzifunga kwa kamba. Hakuikunja hata moja. Akanipa. Daftari lake alilibakiza. Chombo akakirudisha kwenye sanduku akafunga vibano viwili, tak, tak.

"Usilete tena," alisema.

Anti alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu desturi ni desturi. Tulifika kwenye ua la michongoma. "Alikuwa ameanza kulala vizuri," aliniambia. "Tangu astaafu hakuwa analala." Kisha akageuka akarudi.

Wiki hiyo nilimwandikia mhadhiri barua ya kurasa sita. Nilimwambia kila kitu: nani alipima, nani aliona, nani alikata, na kwamba macho aliyoyasifu hayakuwa yangu. Nilinakili vipimo vya mjomba kutoka kwenye ile karatasi safi aliyonipa benchini, pamoja na tarehe. Alichelewa kujibu. Alipojibu alisema ugunduzi hauwezi kubadilishwa, wale wengine walichapisha kwanza na hilo ndilo linalohesabika. Lakini orodha yake ya nyota za kishada kile ilikuwa karibu kutoka, na chini ya ukurasa angeweka maelezo kwamba nyota hiyo ilikuwa imeonwa mapema, Kakamega, na mjomba, kwa jina lake.

Orodha ilitoka mwaka uliofuata. Nilimpelekea mjomba nakala. Alinipokea, akanipa kiti, anti akaleta chai. Alisoma yale maandishi madogo chini ya ukurasa mara kadhaa.

"Jina langu lina R," alisema. "Hapa wameandika L."

Nilitazama. Ni mimi niliyekuwa nimeandika hivyo kwenye barua, jinsi tunavyolitamka nyumbani.

"Naweza kuwaandikia warekebishe."

"Acha," alisema, akaikunja nakala akaiweka ndani ya Biblia. Tukanywa chai. Tuliongea juu ya mvua na bei ya mbolea. Hatukufanya kazi pamoja tena, na picha zilizobaki nilizimaliza peke yangu, vibaya, nusu yazo bila kuelewa.

Nafasi ya kusoma nje niliipata. Mhadhiri alikuwa ameniandikia barua ya kunipendekeza mapema, kabla ya ile barua yangu ya kurasa sita, na ndani yake alisema kwamba hajapata kuona mtu mwenye jicho kali na lenye subira kama langu. Baada ya kujua ukweli hakuiondoa. Labda alinihurumia, labda alisahau, sikumwuliza. Mimi nami sikumwomba aiondoe. Niliijaza fomu, nikaiambatanisha barua ile, nikaipeleka posta mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuomba msamaha kwa mjomba na kwa mhadhiri, na bado nilifanya hivyo nikiwa na akili timamu.

Walinifanyia sherehe ya kuniaga nyumbani kwa mama. Mjomba alikuja, amevaa suti. Wakamwomba, kama ndugu wa mama, aseme neno la baraka, kwa maana kwetu neno la mjomba kwa mtoto wa dada yake huwa na uzito. Alisimama, akasubiri watu wanyamaze.

"Mtoto wetu anakwenda kusoma nyota," alisema. "Mwombeeni awe mkweli."

Watu wote wakasema amina. Mama yangu aliisema kwa sauti kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikakiacha hivyo hadi alipoketi, na hata sasa sijui kama alikuwa akinibariki au akinishtaki. Alifariki nikiwa ng'ambo, na nauli ya kurudi kumzika nilikuwa nayo, lakini sikurudi. Nilimwambia mama kwamba nilikuwa na mtihani.